Tarehe Mosi Januari

Kanda kumi na moja ndani ya kopo la biskuti.
Bi Eduvina anaziweka juu ya meza yangu
kama mtu aliyebeba mayai toka mbali.
Nje, Valdivia inanyeshewa kama ada yake,
siku ya tisa leo, wala hakuna anayehesabu,
na simba-bahari wanakoroma kwenye gati la samaki.
"Marehemu ndiye aliyezipiga," asema.
"Kamera ilimeza mshahara wa miezi minne
wa kiwanda cha mbao. Nilimnunia wiki nzima."
Kisha, akifunga koti: "Palipoharibika, kata."

Nafungua ya kwanza. Ukungu.
Si ule unaolala juu ya mto kila alfajiri.
Huu una manyoya, mweupe, umeng'ang'ania pembeni mwa utepe
kama chumvi kwenye mdomo wa chungu.
Basi pamba, basi spiriti,
nazungusha kwa kidole, nafuta,
nazungusha, nafuta.
Kazi yangu ni kuikanda kanda
hadi ilegee, ikubali kupita bila kukatika.
Mashine nayo ni ajuza: mpira wake wa ndani uliyeyuka ukawa lami,
nikampa mwingine, nilioung'oa
kwenye redio ya shemeji yangu. Hadi leo hajui.

Watu hudhani ni kubonyeza tu, faili hilo, kwaheri.
Saa moja ya utepe ni saa moja ya kiti hiki.
Kompyuta ina haraka zake; utepe hauna.
Maji yakimwagika hayazoleki, walisema.
Mimi nayazoa,
kwa kijiko cha chai.

Eliecer hakuwahi kuiweka sawa saa ya kamera.
Kila betri ilipokufa, ulimwengu ulianza upya:
1.1.1990, kwenye kona, kwa tarakimu nyeupe.
Yasna anabatizwa, tarehe mosi Januari.
Yasna hana meno ya mbele, tarehe mosi Januari.
Jeneza la mama mkwe linateremshwa ngazi kwa shida,
mtu anasema "polepole, kona hiyo",
tarehe mosi Januari, saa sita na dakika nne usiku,
na jua linawaka.
Mbwa mmoja anakuwa mtoto, anakuwa kikongwe,
hayupo,
yote kabla hakujapambazuka.

Na Eliecer mwenyewe simwoni.
Ni pumzi tu nyuma ya lenzi,
na mara moja kivuli juu ya majani, kimeinua kiwiko.

Kanda ya tisa ni giza.
Kifuniko hakikutolewa. Palipoharibika, kata.
Kidole changu kilikuwa tayari
niliposikia birika,
na mlango wa jiko la kuni ukigongwa kwa mguu.
"Umeizima?" — sauti yake, mbichi, ya miaka thelathini.
"Nimeizima."
Hakuizima.
"Haya, lete kitabu. Hapa. Hii ni nini?"
Kimya. Kuni zinapasuka.
"Bo," asema Eliecer, mwanamume wa misumeno na magogo.
"Bo... za."
"Umeruka moja."

Dakika arobaini na mbili sikukata kitu.
Gizani, kwa kitabu cha maelekezo ya kamera,
mke anamfundisha mume kusoma.
Walifika ukurasa wa nne, akasema macho yamechoka,
akacheka, kikombe kikaanguka.

Nimekitafuta kitabu hicho, ninacho kabatini.
Saa na tarehe ziko ukurasa wa kumi na tisa.

Ijumaa amekuja, maji yanamchuruzika begani.
Sikumweleza. Nilimvutia kiti, akakikataa,
nikambonyezea lile giza.
Akasikiliza amesimama, mkoba kifuani,
akiutazama ukuta, si kioo.
"Bo... za," ikasema spika.

"Nye," akasema Bi Eduvina, kwa ukali kidogo.
"Bo-nye-za. Usiruke."